Meseji ya kumwita mama akapime mlango wa kizazi: kwa nini moja huitikiwa na nyingine hupuuzwa

Tanzania kuna tafiti mbili ambazo anayepanga kutumia simu kuwaita wanawake wakachunguzwe saratani ya mlango wa kizazi angepaswa kuzisoma pamoja, maana akisoma moja tu atapotoka.

Ya kwanza ilifanyika Kilimanjaro na Arusha, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Wanawake waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja halikupata mfululizo wa meseji za uhamasishaji, na waliokwenda kupima walikuwa asilimia 4.3. Kundi la pili lilipata meseji hizo, wakaenda asilimia 12.9. Kundi la tatu lilipata meseji pamoja na vocha ya simu ya kulipia nauli ya kwenda na kurudi, wakaenda asilimia 18.0.

Ya pili iliitwa Connected2Care na ilichapishwa mwaka 2020. Iliwahusu wanawake wa Dar es Salaam na Kilimanjaro ambao walikuwa wameshapimwa na kukutwa na HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo. Walitakiwa kurudi baada ya miezi 14 waangaliwe tena. Kundi moja lilitumiwa meseji 15, baadhi za elimu na baadhi za kukumbusha. Kundi jingine halikutumiwa. Waliorudi kwenye kundi la meseji walikuwa takriban mmoja kati ya wanne, na kwenye kundi lisilotumiwa kitu walikuwa takriban mmoja kati ya wanne vilevile.

Nchi ni ileile, lugha ni ileile na simu ni zilezile, lakini upande mmoja mahudhurio yaliongezeka mara tatu na zaidi, na upande wa pili hayakusogea. Anayependa teknolojia hunukuu utafiti wa kwanza, asiyeiamini hunukuu wa pili. Kwa maoni yangu tafiti hizi hazipingani hata kidogo. Ili kuona kwa nini, lazima tuifuate njia anayopita mwanamke kutoka nyumbani kwake hadi kitanda cha uchunguzi na kurudi, tuone ni wapi hasa anakwama.

Anaitwa mtu asiyeumwa

Kirusi cha HPV huambukizwa kwa kujamiiana, na watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani. Kwa walio wengi mwili hukiondoa wenyewe bila mtu kujua. Kwa wachache hubaki, na aina mbili kati ya nyingi zilizopo, ile ya 16 na ile ya 18, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kirusi kikibaki, chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri mabadiliko hayo huchukua kawaida miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Mwenye kinga iliyodhoofika anaweza kufika huko kwa miaka 5 hadi 10, na ndiyo maana anayeishi na virusi vya UKIMWI ana hatari mara sita zaidi ya mwenzake asiye navyo.

Katika miaka yote hiyo mwanamke hasikii chochote. Damu baada ya tendo la ndoa, uchafu wenye harufu na maumivu ya nyonga huja mara nyingi wakati ugonjwa umeshakomaa. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka, na wanaofariki ni zaidi ya 6,500. Kenya hupata zaidi ya 5,000 na kuzika zaidi ya 3,000. Wengi wa hao walikuwa na zaidi ya miaka kumi ambayo kipimo cha dakika chache kingeonyesha tatizo likiwa bado halijawa saratani.

Sasa fikiria meseji inamwomba nini mama huyu. Inamwambia afunge genge, amwachie jirani mtoto, alipe bodaboda, akae kwenye foleni, kisha avue nguo na kulala chali mbele ya nesi asiyemjua, kwa ugonjwa ambao hana dalili yake hata moja. Linganisha na huduma ya Wazazi Nipendeni iliyoanza Tanzania Novemba 2012, ambapo mjamzito alijiandikisha bure kwa namba 15001 na kupokea meseji kulingana na umri wa mimba yake. Yule alikuwa na tumbo analoliona, tarehe anayoisubiri na sababu ya kuuliza. Anayeitwa kupima mlango wa kizazi hana kati ya hayo hata moja. Kunakili huduma ya wajawazito na kubadilisha maneno tu ni kusahau tofauti hiyo.

Kipimo chenyewe hakijulikani, na kisichojulikana hutisha. Kile kilichozoeleka zaidi kwenye vituo vyetu hufanywa hivi: nesi huingiza kifaa cha kupanulia uke, hupaka asidi ya siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha huangalia kwa macho. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikionekana, mara nyingi inaweza kutibiwa siku ileile kwa kugandishwa kwa baridi kali au kuunguzwa kwa kifaa cha joto. Kipimo kingine ni cha kutafuta vinasaba vya kirusi cha HPV, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021 kiwe cha kwanza pale nchi inapoweza. Hiki huhitaji kijiti chenye pamba tu, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe chooni au nyuma ya pazia. Kwa wanawake wengi kuanzia miaka 30, akikutwa salama hurudi baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na virusi vya UKIMWI huanza akiwa na miaka 25 na kurudi kila miaka 3 hadi 5.

Shirika hilohilo lilizindua Novemba 2020 mkakati wa kuitokomeza saratani hii. Moja ya malengo yake ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kabla ya miaka 35, na tena kabla ya miaka 45. Lengo kubwa hivyo huwafanya wengi wakimbilie simu, kwa kuwa inafika kwa watu wengi kwa gharama ndogo.

Maneno, nauli, na wale wasiokosa maneno

Turudi kwenye namba. Kutoka asilimia 4.3 hadi 12.9 ni nguvu ya maneno peke yake. Wanawake wale waliambiwa ugonjwa ni nini, kipimo kikoje, na wapi pa kwenda, wakaambiwa zaidi ya mara moja. Kutoka 12.9 hadi 18.0 ni nguvu ya nauli. Nilitarajia kinyume, kwamba pesa ingechukua sehemu kubwa na maneno sehemu ndogo. Kumbe kwa wanawake wale kilichokosekana zaidi kilikuwa taarifa.

Tusishangilie sana, lakini. Hata kwenye kundi lililopata kila kitu, wanawake 82 kati ya 100 hawakwenda. Meseji na nauli viliwaondolea wengine kikwazo cha mwisho. Waliobaki huenda walikuwa na vikwazo vingine ambavyo simu haikuvigusa: mume, woga, kibarua, mgonjwa wa kulea nyumbani, au kumbukumbu ya siku walipokwenda kituoni kwa jambo jingine wakafokewa.

Wale wa Connected2Care walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Walishafika hospitali, walishalala kitandani, walishaambiwa wana kirusi, na walishapewa tarehe ya kurudi. Taarifa haikuwa pengo lao kubwa. Ukimtumia mtu meseji 15 kumwambia jambo analolijua, umeongeza kelele. Tena meseji zile zilikwenda upande mmoja tu, hazikuwa za kujibiwa. Mama aliyetaka kuuliza, “Sasa nikija nitalipa?” au “Nimehamia Tanga, naweza kupima huku?” hakuwa na pa kuuliza. Kisha kuna miezi 14, muda unaotosha mtu kuhama, kupata mimba, kufiwa, au kujishawishi kwamba kama kungekuwa na tatizo angeshaumwa.

Hapo ndipo fundo lilipo. Meseji ni dawa ya kukosa taarifa na ya kusahau. Anayekwamishwa na umbali humsaidia nauli. Anayekwamishwa na swali humsaidia mtu wa kumjibu. Anayekwamishwa na mume humsaidia mume akielimishwa. Miradi mingi huanza na chombo ndipo itafute tatizo, na huishia kumpa kila mtu dawa moja.

Mbaya ni kwamba wale watatu kati ya wanne ambao hawakurudi ndio waliohitaji kurudi kuliko mwanamke mwingine yeyote mtaani. Kama ningekuwa na bajeti ya kupiga simu chache tu kwa mkono, nesi mwenye jina akimpigia mama mwenye jina, ningeziweka zote hapo.

Meseji yenyewe, kwa karibu

Meseji moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160. Angalia hii, ya aina tunayoipata sana kutoka taasisi zetu: “Ndugu mwananchi, unahimizwa kuhudhuria uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi katika kituo cha huduma za afya kilicho karibu nawe. Afya yako ni mtaji wako.” Hakuna siku, hakuna saa, hakuna chumba, hakuna bei. Aliyeiandika ametimiza wajibu wake, na aliyeipokea hana cha kufanya nayo.

Sasa hii: “Habari mama. Kipimo cha afya ya uzazi ni bure. Alhamisi hii saa 2 asubuhi, zahanati yenu, chumba cha kliniki. Njoo hata kama huumwi. Una swali? Jibu hapa.” Nayo inaingia ndani ya herufi 160, na ukitaja zahanati kwa jina ni bora zaidi. Neno “bure” limo kwa sababu vituo vingi vya umma hutoa kipimo hiki bila malipo na watu hawajui. “Hata kama huumwi” limo kwa sababu ndilo swali la kwanza atakalojiuliza.

Neno “saratani” halimo, na hapo kuna ubishi wa haki. Ukilitaja, wapo watakaoogopa na kufuta. Usipolitaja, wapo watakaodhani ni uzazi wa mpango, wafike kituoni wakiwa hawakujiandaa kwa kilichopo. Mimi ningetaja saratani wazi kwenye meseji za elimu zinazokwenda kwa watu wote, kisha nikaficha kwenye meseji ya mwaliko inayokwenda kwa mtu mmoja, kwa sababu ya pili inaweza kusomwa na mwingine.

Maana simu nyingi si za mtu mmoja. Namba iliyoandikwa kwenye daftari la kliniki inaweza kuwa ya mume, ya binti aliyeko mjini, au ya jirani mwenye chaji. Meseji inayosema “umekutwa na HPV” ikisomwa na mume kwanza, nyumba hiyo haitalala. Swali litakuwa nani amekileta, wakati kirusi hiki kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya na hakuna kipimo kinachoweza kusema kiliingia lini wala kutoka kwa nani. Wengine wakisikia “virusi” huelewa UKIMWI moja kwa moja. Kwa hiyo majibu hayapaswi kuandikwa kwenye meseji. Kinachoandikwa ni kwamba majibu yapo tayari, na mahali pa kuyapata.

Kazi kubwa hapa hufanywa kwa kalamu siku ya kuandikishwa, kabla simu haijaingia. Nesi anauliza: Mama, namba hii ni yako? Nani mwingine huishika? Tukutumie meseji, tukupigie, au mhudumu wa afya wa mtaani aje mwenyewe? Katika kaunti ya Migori, Kenya, ambako wanawake walijichukulia sampuli za HPV kwenye kambi za afya vijijini, waliachiwa wachague wenyewe kati ya meseji, simu ya kupigiwa na kutembelewa nyumbani. Maswali hayo huchukua dakika moja, na sijui kwa nini fomu nyingi hazina nafasi ya kuyaandika.

Halafu kuna imani. Mtanzania wa leo anapokea kwa siku moja meseji za kubeti, za mikopo ya haraka, za promosheni za mtandao, na ile maarufu ya “ile hela itume kwenye namba hii”. Amejifunza kutoamini namba asiyoijua, na amejifunza vizuri. Meseji ya afya inaingia kwenye foleni hiyohiyo. (Yenye vocha ya nauli ina mashaka zaidi: nani amewahi kutumiwa pesa na mtu asiyemjua bila kudaiwa kitu?) Dawa yake ni ya nje ya simu. Meseji itoke kwa jina moja lisilobadilika, na jina hilo litangazwe kwanza na nesi kliniki, na mwenyekiti wa mtaa kwenye mkutano, na redio ya eneo hilo.

Wasiosoma vizuri nao wapo, hasa kina mama wa umri uleule ambao kipimo hiki kinawahusu zaidi. Kwao sauti hushinda maandishi. Kuna mifumo inayopiga simu na kucheza ujumbe uliorekodiwa, na kuna huduma za nyota na alama ya reli zinazofanya kazi kwenye kiswaswadu bila bando. Bado, simu ya mtu hai hupita zote, kwa sababu mtu hai hujibu.

Kuna chombo kimoja ambacho hakikuanzishwa na mradi wowote na kinafanya kazi usiku na mchana, kwa wenye simu janja: makundi ya WhatsApp. Makundi ya vikoba, ya wazazi wa darasa, ya kwaya, ya madrasa, ya ukoo. Humo ndimo sauti ya dakika mbili isemayo kwamba kipimo “kinatoboa kizazi” husambaa kutoka Mbagala hadi Muscat kabla ya chakula cha mchana. Humo pia mama mmoja akiandika, “Jamani mie nimeenda leo, wala hakiumi, nimetumia robo saa,” wenzake watano huuliza ni wapi. Wizara haiwezi kuingia kwenye kundi la kikoba. Nesi anayeishi mtaa huo yumo tayari. Ukimpa majibu mafupi ya maswali kumi yanayoulizwa sana, yakiwa yamerekodiwa kwa sauti yake mwenyewe, utakuwa umefanya zaidi ya mabango mengi.

Simu mkononi mwa mhudumu

Zana za kidijitali tunazozungumzia si lazima ziwe mkononi mwa mwanamke anayeitwa. Kisumu kulibuniwa programu iitwayo mSaada, kwa ushirikiano wa watafiti wa Kenya na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, kwa ajili ya wahudumu wa afya wa kujitolea wanaosimamia upimaji wa HPV. Humwongoza mhudumu nini cha kumweleza mama, hutunza taarifa zake, na husaidia kumfuatilia baada ya majibu. Mama hahitaji hata kuwa na simu janja. Anahitaji mtu anayemfahamu, na mtu huyo ndiye mwenye simu.

Tanzania kulikuwa na mpango ulioitwa SEVIA. Nesi alipopaka siki, alipiga picha ya mlango wa kizazi kwa simu janja na kuituma kwa mtaalamu aliye mbali, ambaye alijibu ndani ya dakika chache. Mtu anaweza kuuliza, hii inahusiana vipi na kuwavuta wanawake? Inahusiana sana. Pasipo mtaalamu, nesi mwenye shaka humwambia mama, “Nenda, urudi wiki ijayo daktari akuangalie.” Tumeshaona kwenye Connected2Care jinsi kurudi kulivyo kugumu. Picha iliyojibiwa papo hapo huokoa safari nzima. Zana inayopunguza idadi ya mara ambazo mwanamke anatakiwa kuja ina thamani kuliko inayomkumbusha kuja mara nyingi.

Siku hizi inajaribiwa akili bandia isome picha hizo badala ya mtaalamu. Ni kazi ya kutazamwa kwa jicho kali. Picha ya simu moja haifanani na ya simu nyingine, na programu iliyofundishwa kwa picha za kamera fulani inaweza kuyumba ikipewa nyingine. Vyovyote itakavyokuwa, picha ya sehemu ile ya mwili wa mtu haipaswi kubaki kwenye simu binafsi ya nesi wala kupita kwenye kundi la kazi la WhatsApp. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Taarifa za afya zinalindwa kwa uzito zaidi kwenye sheria hizo. Mama ana haki ya kuuliza picha yake inakwenda wapi na itafutwa lini.

Meseji ikifanikiwa kupita kiasi

Kuna kufaulu kunakoharibu. Tuseme meseji zimekwenda, na Alhamisi wamefika wanawake arobaini kwenye zahanati yenye nesi mmoja aliyesomea kazi hiyo. Siki imekwisha saa nne. Mtungi wa gesi wa kugandishia ulikwisha mwezi uliopita. Au nesi mwenyewe yuko semina mkoani. Wanaambiwa warudi wiki ijayo. Jioni hiyohiyo kundi la kikoba limeshapata habari, na meseji yako inayofuata inaenda kwa watu walioamua tayari. Ndiyo maana meseji zinapaswa kutumwa kwa mafungu, kulingana na idadi ambayo kituo kinaweza kuhudumia, na anayezituma awe amempigia simu nesi asubuhi ile kuuliza kama vifaa vipo. Vifaa vya kuunguza kwa joto, vidogo na vinavyotumia betri, vimepunguza tatizo la gesi kwenye vituo vilivyovipata.

Kwa kipimo cha HPV kuna mtego wa aina yake. Mashine za GeneXpert, ambazo vituo vingi vinazo kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kupima HPV kwa muda wa saa moja hivi. Lakini mara nyingi sampuli hukusanywa, husafirishwa, hupanga foleni, na majibu hutoka siku au wiki kadhaa baadaye. Mama amejichukulia sampuli kwa urahisi, kisha amepotea. Migori walifanikiwa kuwapima wanawake wengi kwa kuwafuata kijijini, lakini kwenye awamu ya kwanza waliokutwa na kirusi na kwenda kutibiwa hawakufika nusu. Kujipima kumeondoa aibu ya kitanda, na kumehamishia mzigo wote kwenye kufikisha majibu na kumfikisha mwenye tatizo kwenye matibabu. Hapo simu si ziada, ndiyo daraja lenyewe, na bajeti yake isiwekwe kwenye fungu la “mengineyo”.

Mahali rahisi pa kuanzia, kwa mtazamo wangu, ni kliniki za CTC, yaani za tiba na matunzo ya UKIMWI. Wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana kadi zenye namba, wana tarehe za kuja kuchukua dawa, wana namba za simu zinazoweza kuhakikiwa kila wanapokuja, na ndio wenye hatari kubwa zaidi. Hakuna haja ya kuwaita kwa safari mpya. Kinachotakiwa ni mfumo umwambie nesi, kadi inapofunguliwa, kwamba mama huyu hajapimwa mlango wa kizazi au muda wake umefika, na chumba cha kupimia kiwe kwenye jengo hilohilo.

Kwa wanawake wengine wote, tatizo lililo gumu kuliko yote halihusu meseji. Ni daftari. Rejista nyingi za uchunguzi huhesabu vipimo vilivyofanyika mwezi huu, zikajumlishwa na kupelekwa wilayani. Hazimfuati mtu. Mama aliyepimwa mara tatu katika vituo vitatu ni watu watatu, na ambaye hajawahi kupimwa haonekani popote, kwa hiyo hakuna wa kumtumia meseji. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika Tanzania na Kenya, una sehemu inayoweza kumfuata mtu mmoja kwa miaka, lakini inahitaji namba moja ya utambulisho isiyobadilika anapohama kituo au mkoa, na mtu wa kuiingiza taarifa kila siku baada ya foleni kuisha.

Mwanamke mwenye miaka 30 akipimwa HPV mwaka huu na kukutwa salama, anaweza kutakiwa kurudi baada ya miaka mitano au hata kumi. Kufikia hapo huenda amebadilisha laini mara mbili, na mradi uliomtumia meseji ya kwanza umeshafunga ofisi. Kwa hiyo wilaya inapoletewa mradi wa meseji, mganga mkuu ana swali moja la kumuuliza aliyeuleta kabla ya kusaini: orodha ya majina na namba itabaki kwa nani, kwenye mfumo gani, na nani atalipwa kuihakiki mradi ukiisha?